Siku Tatu na Mpiga Tarumbeta

Kila mwaka mwezi wa Agosti, chuo kikifungwa, napanda basi kwenda Dar es Salaam, na kwa siku tatu sifundishi wala sihubiri. Nakwenda kusikiliza dansi. Tuko wanne. Tulisoma sekondari moja katika milima ya Usambara, sote tumevuka miaka arobaini na mitano, na sote tulilelewa na redio za betri zilizokaa juu ya kabati sebuleni, zikituletea Mlimani Park na JUWATA Jazz mpaka sauti ififie na baba azianike betri juani zipate nguvu kidogo. Desturi hii tuliianza mwaka 2014, mwaka aliofariki Muhidin Gurumo, kwa sababu mmoja wetu alisema kwamba wazee wale wakimalizika sisi tutabaki kusimulia tu.

Mmoja wetu ni mhasibu, wa pili ana gereji Temeke, mimi ni mchungaji na mwalimu wa theolojia, na wa nne alikuwa mpiga tarumbeta. Nasema alikuwa, kwa sababu meno yake ya mbele ya juu yametoka, na bila meno ya mbele tarumbeta halipigiki. Mdomo hauna pa kuegemea. Makala hii inamhusu yeye. Ameisoma kabla haijachapishwa, amenirekebisha mahali pawili, na ameridhia itoke mradi nisimtaje jina.

Najua baadhi ya washarika wakisikia kwamba mchungaji ameonekana kwenye ukumbi wa dansi huuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, na wewe?" Sitaki kujifanya kwamba hofu yao haina msingi. Nimezika wanaume waliomalizwa na pombe, na nimekaa na wanawake ambao mshahara wa mume uliishia kwenye kumbi hizo hizo. Nabii Amosi aliwalilia watu walioimba kwa vinanda huku hawaguswi na maangamizi ya ndugu zao, na neno lile linamfaa mpenzi wa dansi sawasawa na linavyoifaa kwaya.

Lakini sisi ni Walutheri. Luther mwenyewe alipiga luti, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa, na aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia katika heshima. Wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba alichukua nyimbo za baa akazitia maneno ya dini. Hapo huwa nawasimamisha, maana hilo halina ushahidi. Lenye ushahidi ni dogo na mimi nalipenda zaidi: wimbo wake wa Noeli alioutunga kwa ajili ya watoto, ule wa malaika ashukaye na habari njema, kwanza uliimbwa kwa sauti ya wimbo wa mafumbo uliokuwa ukiimbwa mitaani. Mtoto aliyeujua kutoka barabarani aliukuta tena nyumbani ukiwa na Kristo ndani yake.

Kwa vijana ambao dansi kwao ni neno la wazee, nieleze kidogo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ikiwachukua baadhi ya nyota wa bendi ile, Gurumo akiwa mmoja wao, na mtindo wake ukaitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Tangu hapo mpenzi wa Msondo na mpenzi wa Sikinde wanataniana kama watu wa Simba na Yanga. Wimbo wa dansi kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni hadithi, polepole: ndugu wamegombea mirathi, mume amemsahau mke, rafiki amefariki. Ya pili ni chemko. Magitaa yanakaza mwendo, matarumbeta na saksafoni yanaingia, na watu waliokuwa wakisikiliza kwa huzuni wanasimama kucheza. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wa somo la kuhubiri kwamba wangefanya vyema kujifunza mpangilio huo. Walicheka. Sikuwa natania.

Sasa huyu rafiki yetu. Wamisionari wa Betheli walifika Usambara mwaka 1891. Betheli kwao, karibu na mji wa Bielefeld, palikuwa kitovu cha bendi za matarumbeta za makanisa ya Ujerumani, na desturi hiyo imekaa milimani kwetu mpaka leo. Yeye alikabidhiwa tarumbeta akiwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu wake alikuwa mzee wa kanisa aliyezijua noti lakini hakujua kuzieleza, kwa hiyo aliwaimbia watoto kila sauti mpaka waipate. Alfajiri ya Pasaka, kabla ya kengele, walisimama juu ya kilima nyuma ya kanisa, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, wakapiga. Sisi wengine tuliamshwa vitandani na sauti ile, tukajua Bwana amefufuka kabla hatujaambiwa na mtu.

Alipomaliza kidato cha nne alishuka Dar es Salaam kutafuta kazi, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kupuliza. Bendi za dansi zilihitaji wapulizaji, na kijana aliyefundishwa na kanisa kusoma noti alikuwa lulu. Amepiga katika bendi tatu, ambazo zote zimekwisha kufa. Mwaka wa pili aliporudi nyumbani kwa Krismasi, baraza la wazee la usharika wake lilimwita. Alitakiwa arudishe tarumbeta, jambo la haki kabisa kwani lilikuwa mali ya usharika. Kisha ilitangazwa ibadani kwamba ametengwa na Meza ya Bwana mpaka aache dansi.

Hakuacha. Mwaka 2009 mama yake alipofariki, bendi ya matarumbeta ya usharika ilipiga kaburini, maana mama alikuwa mshirika mwaminifu. Mwanawe alisimama kando, upande wa migomba, mkono mmoja mfukoni. Sote watatu tulikuwepo. Nyimbo zote alizijua. Niliona vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikicheza ndani ya mfuko wa suruali.

Mwaka huu tulianza Ijumaa, kwa Sikinde, katika ukumbi mmoja Kinondoni. Kijana wa mlangoni alinitazama vizuri, akasema, "Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji." Nikajibu, "Amina," nikalipa kiingilio. Kumbe ni mwanakwaya wa usharika niliowahi kuhubiri, na kazi ile ya mlangoni ndiyo inayomlipia ada ya chuo.

Ndani kulikuwa na viti vya plastiki, vichwa vyenye mvi, na mama mmoja mwenye kitenge cha buluu aliyecheza peke yake usiku kucha, taratibu, bila kumtazama mtu, kama anayekunja nguo. Kwanza ilipiga bendi ya vijana. Hao hawakuwa na mpulizaji hata mmoja. Kinanda cha umeme ndicho kilichoiga matarumbeta. Rafiki yetu alikunja uso kama mtu aliyewekewa chumvi kwenye chai.

"Hicho hakipumui," alisema.

Tangu siku ile maneno hayo yamekuwa yakinirudia nikiwa madhabahuni. Tarumbeta ni pumzi ya mtu, na anayelisikiliza husikia pia mahali ambapo mpigaji amelazimika kupumzika. Sikinde walipopanda jukwaani na wapulizaji wao wakasimama, yeye aliweka mkono mezani, na vile vidole vitatu vikaanza.

Jumamosi mchana tulikula. Wanaotufahamu, neno hilo linawatosha. Fundi alikuwa ameagiza kuku wa kuchoma, ndizi, kachumbari na pilipili ya kutosha kijiji. Kila mwaka yeye huililia kitimoto, na kila mwaka haipati, kwa sababu mhasibu ni Mwislamu na sisi tunataka kula sahani moja. Binti wa mhasibu, mwenye miaka kumi na sita, alipita kutusalimia, akatushangaa: kwa nini watu wazima wasiende mjini kula baga kwenye kiyoyozi kama watu wengine, na muziki gani huu ambao wimbo mmoja unachukua dakika kumi? Baba yake alimwambia kwamba dakika tano za kwanza ni za kufikiri. Binti akaondoka akicheka.

Halafu nikaona jambo. Mhasibu, bila kuacha kubishana na fundi juu ya usajili wa Yanga, alikuwa akichambua nyama ya kuku nyuzi nyuzi, ndogo kabisa, akizirundika pembeni mwa sinia upande wa rafiki yetu asiye na meno. Hakumwambia "kula". Hakumtazama hata kidogo. Baadaye nilifahamu kwamba ndiye aliyelipia pia matibabu ya fizi, miezi mingi iliyopita.

Tulikuwa tumefika kwenye chai ya tangawizi wakati rafiki yetu aliposema, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu dukani, "Mchungaji, mimi nikifa nani atanizika?"

Ndugu msomaji, wewe uliyekulia usharikani hauhitaji kuelezwa. Kwa kawaida yetu, aliyetengwa hapigiwi kengele. Mchungaji havai joho kwa ajili yake. Ndugu hukusanyika, mtu mmoja huomba kwa kujikaza, udongo unarudishwa, watu wanatawanyika wakinong'ona.

Fundi alijaribu kuliondoa kwa utani. "Sisi tupo, tutakuzika sisi."

"Ninyi mtanifukia," alisema. "Nauliza nani atanizika."

Fundi akamtolea mfano wa Remmy Ongala, kama watu wengi wanavyomtolea: Dokta Remmy, aliyejaza kumbi miaka yote ile, aliimba nyimbo za injili miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 2010. Rafiki yetu akajibu kwamba Remmy anamheshimu sana, lakini Remmy alibadili nyimbo, hakukiri kwamba gitaa lilikuwa dhambi.

Nikamweleza kwamba njia ipo. Kanisa letu lina utaratibu wa kurudi kundini, na mimi niko tayari kumsindikiza mpaka mlangoni kwa mchungaji wake. Alininyamazia kwa muda, akizungusha kikombe. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika hapa kwa idhini yake.

"Nikisimama mbele ya washarika watataka nitubu tarumbeta. Siwezi. Nitakuwa namdanganya Mungu ndani ya nyumba yake. Lakini nilimwacha mke wangu na watoto wawili Tanga, miaka tisa, bila matumizi. Nilikuwa na fedha na sikutuma. Hilo hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kuniuliza."

Hapana aliyejibu. Mhasibu alimmiminia chai.

Nimefundisha habari za nidhamu ya kanisa kwa miaka kumi na moja. Katika Makala za Schmalkald, ambazo Luther aliziandika kwa ajili ya mkutano wa mwaka 1537, ipo sehemu fupi juu ya kutengwa. Anasema kutengwa kwa Kikristo kwa kweli ni kuwazuia wenye dhambi ya wazi na ukaidi wasishiriki Sakramenti mpaka wajirekebishe. Kila neno hapo lina uzito wake: dhambi, iliyo wazi, yenye ukaidi. Lazima kwanza iwe dhambi. Na katika Mathayo 18 Bwana Yesu ameweka hatua: umwendee ndugu peke yenu wawili; asiposikia, umchukue mtu mmoja au wawili; ndipo uliambie kanisa. Kwa rafiki yangu hatua ya kwanza haikuwahi kufanyika. Hakuna aliyepanda basi kushuka Dar, akaketi naye, akauliza: unaishije, unakula nini, mkeo hajambo? Swali la mwisho hilo lingefichua kila kitu. Badala yake usharika ulitazama kile kilichong'aa, yaani shaba ya tarumbeta, na kilichokuwa kimelala gizani kikaendelea kulala. Mama mmoja na watoto wawili pale Tanga wameishi miaka tisa na matokeo yake.

Kwa hiyo mimi sioni kwamba kanisa lilikuwa kali mno. Kwa jambo lenyewe halikuwa kali hata kidogo. Sheria ya Mungu haikumfikia mtu huyu, na kwa kuwa haikumfikia, injili nayo ilibaki mlangoni. Alipewa adhabu isiyo na msamaha kwa sababu haikuwa na dhambi ndani yake. Husameheki kwa jambo ambalo hukulitenda kwa ubaya. Unaweza tu kunyenyekea kwa wakubwa au kukataa, naye alikataa, akakaa na kukataa kwake miaka zaidi ya ishirini.

Katika Makala zilezile Luther anataja njia ambazo injili hutufikia: mahubiri, Ubatizo, Sakramenti ya Altare, mamlaka ya funguo, na mwishoni anaongeza jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka wakikimbilia mtihani, nalo ni mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Mwaka huu nililisoma sinia lile la Temeke kwa maneno hayo. Mhasibu si wa imani yetu na sitambatiza kwa kalamu, angecheka. Lakini kwa miaka hiyo yote, meza iliyomwacha rafiki yetu akae, ale, na hatimaye aitaje dhambi yake kwa jina lake halisi, ilikuwa ile.

Usiku wa Jumamosi walikwenda kwa Msondo. Nasema walikwenda, kwa sababu mimi na rafiki yetu tulifika mpaka kwenye maegesho tukaishia hapo. Tulikaa ndani ya gari la fundi, vioo chini, muziki ukitufikia kwa mbali, mpaka saa nane za usiku. Aliyoniambia pale hayamo katika makala hii wala hayatakuwamo katika nyingine yoyote.

Jumapili tulikwenda ibadani katika usharika ulio karibu na gereji, sisi watatu Walutheri. Tuliketi benchi la nyuma. Wakati wa Chakula cha Bwana yeye alibaki ameketi, kama alivyozoea katika ibada chache alizohudhuria tangu miaka ile. Fundi naye, ambaye hajatengwa na mtu, alibaki ameketi pembeni yake. Sikumwuliza sababu. Mimi nilikwenda. Niliona kwamba mchungaji akibaki ingekuwa maonyesho, tena nilikuwa nakihitaji kile Chakula kuliko siku nyingi.

Baada ya ibada, chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi ya usharika, vijana wa matarumbeta walikuwa wakifanya mazoezi ya harusi. Mvulana mmoja, kama wa miaka kumi na mitatu, alikuwa anaikosa sauti ileile kila wakifika kwenye ubeti wa pili. Anakosa, wanacheka, wanaanza tena. Rafiki yetu alisimama mbali akisikiliza. Mara ya nne akamwendea. Hakulishika tarumbeta. Alimwimbia mtoto ile sauti, moja tu, ndefu, kwa mdomo wake ule usio na meno, akimgonga bega polepole kwa vidole vitatu kumwonyesha vibonyezo. "Usisukume," alimwambia. "Mimina." Mtoto akajaribu, ikatoka nusu. Akajaribu tena, ikatoka.

Kiongozi wa bendi alimwuliza kama anaweza kuja Jumamosi kuwafundisha. Akajibu, "Mimi si mshirika." Kiongozi akasema anauliza habari za Jumamosi.

Nimerudi chuoni, na nimemwandikia mchungaji wa usharika ule wa milimani, ambaye si yule wa miaka ile. Barua ina maombi mawili, na yote mawili tuliyapanga pamoja na mwenyewe. La kwanza, kutengwa kwa sababu ya dansi kufutwe na jambo hilo litangazwe ibadani, kama kulivyotangazwa kule kutengwa. La pili, rafiki yangu aitwe, akiwa na mchungaji peke yake, aulizwe habari ya mke na watoto. Na iwapo atatakiwa kusimama mbele ya washarika, asimame kwa ajili ya hilo. Hili la pili ndilo alilolisisitiza zaidi. Mchungaji amejibu kwa adabu kwamba amepokea. Baraza la wazee litakutana Novemba.

Fundi na mhasibu wanasema kwamba Agosti ijayo tusiende Dar. Twende Tanga, kama mama wa watoto atakubali tufike. Hilo liko mikononi mwake yeye. Rafiki yetu alimpigia simu wiki iliyofuata, haikupokelewa. Akapiga tena baada ya siku tatu, ikapokelewa. Walizungumza dakika nne, zote kuhusu ada ya mtoto wa pili.